Midomo ya Buluu

Mchora ramani ya mafuriko hulamba kalamu yake ya buluu kabla ya kuchora maji, na kufikia saa sita midomo yake nayo ni buluu. Watoto wa Osieko, kijiji cha kando ya ziwa, humcheka, naye hucheka nao. Katika kila nyumba, hugusa alama ya matope ukutani kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto.

"Maji ilifika hapa, mama?"

Nyumba ya sabini na nane, kwa mjane Truphena, hapakuwa na ukuta wa kugusa. Ziwa lilikuwa limemeza boma lote, pamoja na kaburi la mumewe.

"Sasa utapaka buluu tu?"

Alipaka. Kisha akachora msalaba mdogo mweusi katikati ya maji.

"Wavuvi wataona, mama. Hapa wasitupe nyavu."

Truphena akamfuta midomo kwa pindo la leso yake.