Rodi Zilizoanikwa Pamoja na Dagaa

Sisi tuliojifunza kuchomelea vyuma Kigoma miaka ile maboti yalipokuwa yakishusha wakimbizi kila asubuhi, tulikuwa mafundi hodari wa kuchomelea hewa. Msinicheke, nawaeleza. Umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta, na majenereta yalipumzika zaidi kuliko yalivyofanya kazi. Kwa hiyo tulichora mstari wa chaki kwenye bati, tukashika fito badala ya rodi ya kuchomelea, tukaufuata mstari polepole huku tukiigiza mlio wa moto kwa midomo: chrrrr. Mwalimu wetu, Mhaya aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, alipita nyuma yetu akisahihisha. "Mkono unakimbia, kijana! Unafukuzwa na nani?" Vijana wa leo umeme ukikatika dakika tano wanakwenda kulala.

Basi yakatangazwa mashindano. Karakana yetu na ile ya kambi ya wakimbizi, kila moja itoe mwanafunzi mmoja, waunde tangi dogo la maji. Mshindi angeajiriwa kuunda matangi ya kambi, ambako watu walipanga ndoo foleni tangu alfajiri. Nikachaguliwa mimi. Niliitaka kazi ile kupita kiasi, maana nikiikosa ningerudi kwetu Kibirizi kumsaidia mama kuanika dagaa, na wenzangu wote walilijua hilo.

Tatizo lilikuwa unyevu wa ziwa. Rodi imevikwa unga mgumu, na unga huo ukinyonya unyevu, moto unarukaruka na chuma kinatoka na vitundu kama mkate. "Zikaushe vizuri," mwalimu aliniambia. Hakusema wapi. Sasa mtoto wa Kibirizi akiambiwa kausha, anajua mahali pamoja tu. Nikazipanga rodi zangu kwenye chanja ya mama, katikati ya dagaa, siku tatu za jua kali, nikizigeuza kila mchana kama nilivyolelewa. Mama akaja, akainama, akatazama.

"Mwana wanje, mwanangu, hawa dagaa wako mbona hawana macho?"

Nikamwambia huu ni utaalamu.

Siku ya mashindano nikamkuta mpinzani wangu, Deo, kijana mwembamba kutoka Burundi. Kirundi chake na Kiha changu vilisikilizana vizuri kuliko nilivyowahi kusikilizana na mwalimu wangu. Akanusa upepo, akasogea, akaninong'oneza: "Ndugu yangu, rodi zako zina mafuta ya samaki. Chukua zangu. Nimezikausha kwenye jivu la moto, ninazo za kutosha."

Hapa wazee wenzangu mnaopenda kusema enzi zetu tulikuwa na adabu, tulieni kidogo. Nilimjibu kwa sauti, watu wasikie: "Mimi nina kwetu. Siombi kwa mkimbizi." Wenzangu wakapiga makofi. Deo akarudi kwenye meza yake.

Nilipowasha, karakana nzima ikanukia mboga. "Ugali uko wapi?" mtu akauliza. Mkono wangu haukukimbia hata kidogo, lakini mkono mtulivu hauzibi vitundu vya mafuta. Mwamuzi akapaka chokaa kwa nje, akamimina mafuta ya taa kwa ndani; palipo na kitundu, doa hutokea kwenye chokaa. Tangi langu likawa na madoa kama manyoya ya kanga. La Deo likabaki jeupe kama kanzu ya Idi.

Deo akapata kazi. Mimi nikarudi kwenye chanja miaka miwili.

Leo nina karakana yangu Ujiji, na mwanafunzi wangu, Mwajuma, anajiandaa kwa mashindano. Ana kofia ya kuchomelea inayojitia giza yenyewe moto ukiwaka, na kila anachounga anakipiga picha kabla hakijapoa. Ukimwambia afanye mazoezi kwa fito, anakuuliza kama umemeza dawa zako. Juzi rodi zilimwishia, akavuka barabara kuazima kwa kijana Mkongo atakayeshindana naye. Nikamuuliza kama hakuona aibu.

"Aibu ya nini, Mzee? Si rodi tu?"

Kwamba mikono yetu ilikuwa mitulivu kuliko ya hawa, nitalisema hadi nife. Lakini matangi ya Deo niliwahi kuyaona, mwaka niliopeleka dagaa kambini. Watoto walikuwa wakikinga viganja kwenye bomba, na chini ya tangi mchanga ulikuwa mkavu kabisa. Nilikuwa na kiu, nikanywa. Kisha nikaondoka bila kumtafuta nimsalimie.