Kimya cha Mama Msituni

Karatasi nyeusi ya nailoni ikilowa usiku kucha, halafu jua la asubuhi likaipiga, hutoa harufu yake. Si mbaya, si nzuri. Ni kama tairi ya baiskeli iliyochanganyika na majani yanayooza na jasho la watu waliolala wamebanana. Juzi mama mboga mmoja hapa Silanga alianika yake juu ya paa la kibanda. Mimi nilikuwa napita na beseni langu la omena, nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa jina.

"Mathe, songa, unafunga barabara," vijana wakaniambia.

Nikasonga. Lakini pua ilibaki palepale, na nyuma ya hiyo pua nilikuwa na miaka tisa, nimelala ndani ya Msitu wa Ngong kati ya ndugu zangu wawili, matone yakigonga karatasi sentimita chache juu ya uso wangu.

Siku hizi watu hulipa ili walale msituni. Wanakuja na hema za rangi, wanachoma soseji, wanapigana picha, Jumapili jioni wanarudi kwao Kilimani wakisema wamepumzika. Siwaonei wivu. Nataka tu mjue kwamba sisi tulitangulia, na kwamba kuna watu waliotutuma.

Wa kwanza ni Zablon. Naliandika jina lake waziwazi. Zablon alikuwa mwenye ploti tuliyopanga Kawangware, karibu na mto. Mtu mnene, mcheshi, mfuko wa koti haukosi peremende. Aliuza ile ploti na sisi tukiwa ndani, kama mtu anayeuza kuku pamoja na mayai anayoyaatamia. Hakutuambia. Alingoja mama zetu waende kufua nguo za watu Lavington, ndipo akaja na vijana wenye nyundo. Aliyemfungulia mlango ni mimi.

"Mwende, toa mtoto nje kwanza," akaniambia kwa upole. "Kuna kazi kidogo hapa."

Akanipa peremende. Nikambeba mdogo wetu Mutua, ambaye bado alikuwa ananyonya, nikamshika Kyalo mkono, nikasimama kando. Nilikuwa naimumunya ile peremende nikiangalia mabati yetu yakishuka moja moja. Ilikuwa ya mnanaa. Mpaka leo mnanaa siuli.

Mama aliporudi hakulia. Alikuwa mtu wa Kitui, mwembamba kama mwiko, na machozi aliyaona kama maji: usimwage kama hujui utateka wapi mengine. Baba alikuwa na bibi mwingine Athi River, tumwache huko huko. Basi mama akafunga tulichobaki nacho kwenye shuka, akatupeleka kwa Mulwa.

Mulwa ni wa pili. Alikuwa mzee wa kanisa letu, Mkamba mwenzetu, wa kijiji cha pili kutoka kwa mama. Tulimkuta amesimama kwenye mlango wa kanisa, funguo kidoleni.

"Kanisa si loji, Mama Mwende," akasema. Kisha akatutazama sisi watoto, mmoja mmoja. "Lakini naweza kukusaidia. Huyu msichana nipe mimi, atasaidia mke wangu na kazi ya nyumba. Kijana umtume Kitui kwa nyanya yake. Huyo mdogo, kuna masista wanachukua."

"Wanangu si mitumba," mama akamjibu, "eti kila mtu akague achague."

"Sasa utawaweka wapi?"

"Pamoja."

Hilo neno moja ndilo lililokuwa mpango wake wote. Kulikuwa na bibi mmoja Mnubi kule Makina, Mama Zuhura, ambaye mama alikuwa akimfulia. Alikuwa ameahidi kutupa chumba mpangaji wake akihama, Idi ikiisha. Mwezi wa Ramadhani ndio ulikuwa umeanza, na mvua ya masika nayo ikaanza siku hizo hizo, kana kwamba walikuwa wamepatana. Tulichotakiwa kufanya ni kushikilia tu mpaka Idi bila mtu kututenganisha. Wakati ule watoto wakikutwa wanalala ovyo walipakiwa kwenye lori na kupelekwa rumande ya watoto, wavulana huku, wasichana kule. Katika ploti yetu tuliwajua ndugu waliopotezana hivyo, wakaja kukutana wana ndevu.

Aliyejua msitu ni Mama Nekesa. Huyu alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, mtu wa kule Kakamega, mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa watu wengine. Alichoma mahindi kando ya barabara, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Nekesa, rika langu na rafiki yangu. Msituni alikuwa akienda kuokota kuni kwa miaka. Familia kadhaa zilimfuata siku ile, zikataka kupiga kambi mahali pamoja, zipeane moyo.

"Mmeenda wazimu?" akawauliza. "Tukikaa pamoja tutakuwa soko. Kila mtu na kichaka chake. Uniskie, lakini usinione."

Basi tukatawanyika. Sisi tulipata mahali juu ya mto Motoine, chini ya vichaka vya miiba vilivyofungamana kama nywele zisizochanwa. Mama Nekesa akachukua bonde dogo lililofuata. Kila asubuhi alikohoa mara moja, mama akamjibu kwa kukohoa, tukajua kumekucha salama.

Jameni, yale mambo wanafundishwa siku hizi watu wa hema, mama zetu waliyajua bila kufundishwa. Moto ulikuwa mdogo wa kutosha sufuria moja, wa vijiti vikavu tupu, na uliwashwa ukungu ukiwa bado chini ili moshi ujifiche ndani yake. Hatukulala chini ya mkalitusi, kwa sababu tawi lake halipigi hodi. Kwenda mtoni tulibadilisha upande kila mara. "Njia ina mdomo," mama alikuwa akisema. "Ukiipitia mara nyingi itasema." Tukihama kichaka, mimi na Kyalo tulikuwa na kazi ya kuinua nyasi tulizolalia kwa fimbo, jani kwa jani, mpaka zisimame kama hazijawahi kutuona.

Na tulicheka pia, nisiwadanganye. Siku moja kima alishuka akanyakua kofia ya sufi ya Mutua, akapanda nayo juu, akaketi akitutazama kwa dharau. Mama Nekesa, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, akamwinulia mkono.

"Habari yako, Bwana Zablon! Kodi si bado?"

Mama yangu alicheka mpaka akashika mti. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu nyumba ianguke.

Nakumbuka pia siku nyingine niliyowakuta wawili hao mtoni, wanasugua sufuria kwa majivu. Walikuwa wanazungumza polepole, na Mama Nekesa, ambaye kwa kawaida hata siri aliitoa kwa kelele, alikuwa akinong'ona. Waliponiona walinyamaza. Nikadhani wananisema mimi.

Wa tatu ni Barasa. Huyu alikuwa askari wa msitu, na alikuwa mtu wa kwao Mama Nekesa kabisa. Hakuwa anakuja mvua ikinyesha, maana aliogopa kuchafua buti. Lakini ilifika asubuhi moja mvua ikakatika mapema, jua likatoka kali, ile harufu ya karatasi ikajaa. Mimi na Nekesa tulikuwa tumetoka kuteka maji, tukapitia kwetu kwanza kwa sababu ndiko kulikuwa karibu. Mama alikuwa ameshamfunga Mutua mgongoni, tayari kwenda Makina kufua. Tukasikia sauti ya mwanamume upande wa bonde.

Mama akatulaza chini wote. Katikati ya majani tuliona vizuri: Barasa na mwenzake, na Mama Nekesa amesimama mbele ya karatasi yake. Alianza kumsihi kwa Kiluhya. Barasa akamjibu kwa Kiswahili, ili wasiwe ndugu.

"Mko wangapi hapa?"

"NIKO PEKE YANGU!" Mama Nekesa alisema kwa sauti ya kufika Dagoretti. "HAPA HAKUNA MTU MWINGINE!"

"Usinipigie kelele. Na hivi viatu vidogo ni vya nani?"

Vilikuwa vya Nekesa, viatu vya raba vya buluu, vimeanikwa juu ya kisiki. Mama Nekesa alivitazama. Kisha akasema, bado kwa sauti ile ile:

"Ni vya mtoto wangu. Alikufa. Naviweka tu."

Kwetu, na kwao, na kwa kila mtu ninayemjua, mtoto aliye hai hatamkiwi hivyo. Ni kumwitia kifo. Niliusikia mwili wa Nekesa ukikakamaa kando yangu, halafu akaanza kuinuka. Mama akamvuta chini, akaweka kiganja juu ya mdomo wake, na goti juu ya miguu yake. Mimi nilimtazama mama nikingoja afanye kitu. Alikuwa mama yangu, aliyemjibu Mulwa mbele ya kanisa! Hakufanya kitu. Hata Mutua mgongoni hakulia. Wakachoma karatasi ya Mama Nekesa, wakamwongoza kupita karibu nasi kiasi kwamba niliona matope kwenye visigino vyake. Hakugeuza kichwa. Na mama yangu hakutoa sauti.

Sauti zilipopotea, mama aliinua nyasi kwa fimbo mwenyewe, haraka, akakunja karatasi yetu. "Shikaneni mikono," akasema. Tukateremka tukiufuata Motoine, ukingo kwa ukingo, mpaka tukaanza kuona mabati ya Gatwekera, na kutoka hapo tukapanda Makina. Nekesa alitembea peku. Alikataa kushika mkono wa mama, akashika wangu.

Mama Zuhura alikuwa ameketi kibarazani akisuka tabaga, vile vifuniko vya ukili vya rangi ambavyo Wanubi hufunikia chakula. Alituhesabu kwa macho.

"Uliniambia watatu."

"Nilihesabu vibaya, Mama."

"Na Idi bado."

"Najua."

Bibi akasuka kidogo. Alikuwa na saumu, na mtu mwenye saumu hana mate ya kupoteza. Kisha akaelekeza kidole nyuma ya nyumba. "Mwezi huu mchana jiko langu halifanyi kazi. Laleni humo. Alasiri mtoke, tupike, mkishakula mrudi. Na huyo asiye na viatu, mpeni maji ya moto aoshe miguu."

Tukakaa jikoni mwa Mnubi mpaka Idi, halafu tukapata chumba. Wote. Lakini Nekesa hakumsemesha mama yangu. Alikula alichopewa, alioga, alilala, akageukia ukuta. Na mimi nilikuwa upande wake. Nilimwona mama yangu ni mwoga, na yeye hakujitetea hata kidogo. Alifua tu, akafua, mikono ikawa myeupe kama ya mtu mwingine.

Mama Nekesa alikuwa amefungwa. Alitokea mlangoni kwetu mvua zikiwa zimekwisha, ule upana wote umeyeyuka, gauni linamning'inia. Aliita, "Nekesa." Mtoto hakuinuka.

"Mimi si nilikufa?" Nekesa akasema.

"Ndiyo. Sasa kuja unisalimie."

Hapo ndipo yule msichana alipolia, kilio chenye kwikwi, kilio kilichokuwa kimewekwa. Akamrukia mama yake karibu amwangushe. Mama yangu akaleta chai. Mama Nekesa akainywa yote, akaweka kikombe chini, akamgeukia mama yangu.

"Ulinyamaza vizuri," akamwambia.

"Wewe ulipiga kelele vizuri," mama akajibu.

Hawakulizungumza tena, mpaka walipotutoka. Mimi nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu, usiku wa maswali mengi. Kule mtoni, kwenye majivu na sufuria, walikuwa wamegawana kazi. Mmoja akikamatwa apige kelele, ili mwenzake ajue na Barasa asitafute zaidi. Mwenzake anyamaze, awe mama wa wote. Kama mama yangu angesimama siku ile, roho yake ingetulia, na sisi wanne tungepanda lori. Kazi aliyopewa ndiyo ilikuwa ngumu. Mtu akipiga kelele anasifiwa. Anayenyamaza huchukiwa na watoto wale wale aliowaokoa, na anawapikia.

Zablon ana gorofa Kawangware sasa, jina lake limeandikwa getini kwa chuma. Mulwa alizikwa kwa nyimbo, na siku hiyo funguo za kanisa zilipatikana. Barasa yuko hapa hapa Silanga, mzee, anauza makaa, mlango wa tatu kutoka kwangu. Ananisalimia. Mimi naangalia makaa.

Mwezi uliopita walikuja watu wenye makopo ya rangi, wakatia alama nyekundu kwenye milango yote ya kando ya mto. Wangu, wa Nekesa, hata wa Barasa. Hakuna aliyetuambia watabomoa lini. Wanawake wa laini yetu tumeshakaa, tukapatana. Barasa sikumwita. Sisi hatuendi msituni mara hii, na hatuendi Kitui wala Kakamega. Mimi nina kifua cha kupiga kelele, na nitaketi mlangoni. Nekesa atachukua watoto wote, wangu na wake na wa jirani, awapeleke Makina kwa miguu.

Basi ninyi mnaopita njia hii kwenda kazini, mkiniona siku hiyo naburutwa, na mkamwona mwanamke mnene amesimama kwa mbali, watoto wamemzunguka, amefunga mdomo, hasogei kunisaidia, msimwite mwoga. Huyo yuko kazini.