Potasiamu ya Mukai

Kitavi alisimama, akakaa, akasimama tena. Daktari alikuwa ametoka na karatasi ya vipimo mkononi, na kipimo cha potasiamu katika damu ya mkewe, Mukai, kilikuwa sita nukta nane, juu mno.

"Alhamisi ilikuwa ngapi?" Kitavi aliuliza, ingawa alijua.

"Tano nukta tisa. Sisi tunaishusha, nyumbani inapanda. Mzee, mama anakula nini huko?"

"Kile mlituambia tu, daktari."

Daktari alimwangalia kama mtu aliyekwisha kulisikia jibu hilo mara nyingi. Mukai akaingizwa upesi kwenye mashine ya kusafisha damu, kifua kimebandikwa nyaya za kupimia moyo. Kitavi akaambiwa angoje nje. Kungoja hakuweza. Miaka kumi na tisa alikuwa mtunza bustani wa nyumba moja ya Spring Valley, na mikono yake haikujua kukaa bure. Akainama kwenye maua ya hospitali, akaanza kung'oa magugu, mpaka bawabu alipokuja kumuuliza ametumwa na nani.

Figo za Mukai zilikuwa zimekufa mwezi wa pili, baada ya presha aliyoibeba miaka mingi bila kujua. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule pale Kangemi walikoishi. Sasa kila Jumatatu na Alhamisi walipanda pamoja hadi hospitali ya Upper Hill, na siku zilizobaki Kitavi alikuwa akiogopa chakula.

Muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu, Sista Jacklyne, ndiye aliyempa sababu ya kuogopa. Siku ya kwanza alipolisikia neno potasiamu, Kitavi alishangaa.

"Sista, hiyo si ndiyo iko kwa mbolea? Mimi naiwekea nyanya na waridi."

"Ndiyo hiyo hiyo, Baba Muli," Jacklyne alisema. Alikuwa amezoea kumwita kwa jina la mwanawe. "Atomu ya potasiamu haibadiliki, iwe kwa udongo, kwa ndizi ama ndani yako. Mmea unaivuta kwa mizizi, wewe unakula mmea. Mwili hauwezi kuitengeneza, unaipokea tu."

Akachukua boksi tupu la glavu na kuchora duara. Hii ni seli, alisema. Potasiamu nyingi hukaa ndani, sodiamu nyingi hukaa nje. Zote mbili zina chaji ya umeme, na zinapopishana kwenye utando wa seli, ndipo moyo unapiga. Ile iliyozidi hutolewa na figo. "Sasa figo zikilala, potasiamu inajaa kwa damu. Moyo unapoteza mpigo. Unaweza kusimama tu, ghafla."

Neno hilo, ghafla, Kitavi alitembea nalo kila mahali. Ndizi zikatoka nyumbani, maparachichi na maharagwe yakatoka. Sukuma wiki aliichemsha kwa maji mengi, akayamwaga, akachemsha tena, kwa sababu Jacklyne alisema potasiamu huyeyuka na kutoka na maji. Chumvi nayo walikatazwa, kwa ajili ya presha. Alipika mwenyewe kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi.

Na bado namba ilipanda. Kwa akili yake kulikuwa na sababu moja tu. Jumanne asubuhi, siku moja baada ya ile sita nukta nane, alishindwa kunyamaza.

"Nakhumicha anauza ndizi hapo mlangoni," alisema. "Na nyinyi ni marafiki."

Mukai aliweka kitambaa chini. "Sema vile unataka kusema."

"Unakula kwa siri, Mukai. Unataka kufa uniache?"

"Sijaonja ndizi tangu mwezi wa pili."

"Basi hii potasiamu inatoka wapi?"

Mukai aligeukia cherehani na kuikanyaga kwa nguvu. Siku nzima hakumsemesha, na Kitavi alipotoka alimkazia macho Nakhumicha bila hata kumsalimia.

Jumatano mbolea mpya ililetwa kazini. Tangu mke wake augue, Kitavi alikuwa na mazoea ya kusoma kila kilichoandikwa kwenye magunia, akilitafuta neno lile. Kwenye gunia hili liliandikwa pamoja na lingine: kloridi ya potasiamu. Akasoma mara mbili. Maneno hayo mawili, yakiwa yamefuatana hivyo hivyo, alikuwa ameyaona mahali, kwa herufi ndogo, na si kwenye gunia.

Aliacha koleo palepale na kuomba ruhusa. Kutoka Spring Valley hadi Kangemi alikwenda nusu akitembea, nusu akikimbia. Mukai alishtuka kumwona akiingia mchana, jasho likimtiririka, akapita moja kwa moja hadi kwenye rafu ya jikoni.

Pale palikuwa na mkebe wa chumvi ya watu wa presha. Aliununua mwenyewe dukani Westlands majuma matatu nyuma, bila kumuuliza mtu. Alikuwa amemhurumia Mukai kula chakula kisicho na ladha, na mkebe uliandikwa kwa herufi kubwa kwamba sodiamu imepunguzwa. Akaugeuza, akasoma nyuma. Kisha akampigia Jacklyne.

"Nisomee polepole," Jacklyne alisema.

Akamsomea.

"Baba Muli, chumvi ya kawaida ni sodiamu imeungana na klorini. Kupunguza sodiamu, wametoa nyingine wakaweka potasiamu mahali pake. Mwenye figo nzima haimsumbui sana. Mama amekula leo?"

"Asubuhi. Mayai."

"Umeyatia hiyo?"

"Nimetia."

"Msingoje kesho. Mlete saa hii."

Alikata simu na kugeuka. Mukai alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Ni mimi," Kitavi alisema. "Ni mimi nilikuwa nakulisha. Kila siku. Nisamehe, Mama Muli."

"Nipe viatu vyangu," Mukai alisema.

Hospitalini alipimwa tena. Potasiamu ilikuwa sita nukta sita, siku mbili tu baada ya kusafishwa. Alipokuwa amelala, damu ikizunguka kwenye mipira ya mashine, alimwita mumewe kwa kidole.

"Mimi nitakusamehe nikiwa tayari. Lakini leo tukirudi, utaanza na Nakhumicha."

Kitavi alianza na Nakhumicha. Alisimama mbele ya ndizi zake na kueleza yote, atomu kwa atomu, huku mama wa watu akimwangalia asijue acheke au alie.

Jumatatu iliyofuata namba ilikuwa tano nukta mbili, na Jumatatu ya pili yake nne nukta tisa. Mkebe waliokwenda nao hospitali ulibaki kwa Jacklyne, ambaye sasa huwaonyesha wagonjwa wapya. Jikoni Mukai amepachukua mwenyewe. Anapika kwa ndimu, dania na kitunguu saumu, na Kitavi hutumwa sokoni tu. Akirudi hutembea huku na huku kwenye chumba kile kidogo, akisoma kwa sauti pakiti ya unga, ya majani ya chai, ya kila kitu, mpaka Mukai amwambie, inatosha, keti ule.