Ukungu Kwenye Kompyuta ya Kona

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Anayetaka kucheka acheke, nimeshachekwa sana na bado niko hapa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Makorora, mjini Tanga, siku ya Ijumaa, mchana kweupe. Watu wakisikia habari za namna hii hupenda kusema kwamba ilikuwa usiku na msimuliaji alikuwa na usingizi. Nakwambia jua lilikuwa utosini na nilikuwa nimeshakunywa chai.

Ilikuwa ile miaka ambayo viwanda vyetu vilikuwa vimefungwa kimoja baada ya kingine. Mume wangu alipunguzwa kazini, akaanza kuuza mashati ya mitumba. Kila kitu kilikuwa ruksa na kila kitu kilikuwa mtumba: nguo, majokofu, baiskeli, na mwishowe kompyuta, zile zenye monita za chogo, zikipita mpakani Horohoro kutoka Mombasa zimeviringishiwa magodoro ya zamani zisivunjike. Mimi nilikuwa nimesomea ufundi wa redio na televisheni. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua tu na kuzifunga. Nikafungua kibanda changu mtaa wa Mabawa. Wanaume waliokuwa wakipita walinitania, eti mwanamke na bisibisi wapi na wapi, nami nikawatania zaidi, maisha yakaenda.

Wakati huo nilikuwa mja mzito, na tumbo limeshakuwa kubwa. Mimba mbili za kabla yake ziliharibika. Sijui kama unaelewa mtu anavyobeba mimba ya tatu baada ya mbili kuharibika. Nilikuwa nikilala najisikiliza, nikiamka najisikiliza, mtoto akicheza nacheka peke yangu, akitulia kidogo roho inaniruka. Mama yangu aliniwekea masharti yake: usitembee saa za adhuhuri, usiketi penye giza, na usimtajie mtu jina la mtoto kabla hajazaliwa na kufika siku ya saba. Hayo mawili ya kwanza niliyapuuza, nilikuwa na kazi. Hilo la jina nililishika. Nilikuwa na jina moja, la mtoto wa kike, nimeliweka moyoni. Hata mume wangu sikumwambia. Na hapa silitaji, wala usinilazimishe, utaona kwa nini.

Basi asubuhi ile ya Ijumaa akaja Hamadi, kijana wa Kipemba aliyekuwa akiendesha darasa la kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, Bi Mize. Kompyuta zake zilikuwa za Linux, ule mfumo wa bure. Rafiki yake mmoja alimpa kwenye diski, na yeye akaupenda kwa sababu hauulizi leseni wala haupati virusi. Ubaya wake, enzi zile, ni kwamba skrini ulilazimika kuipanga kwa mkono. Unafungua faili la mipangilio na kuiandikia mashine monita yako ni ya namna gani, inachora picha kwa kasi ipi, ina upana gani. Ukikosea, herufi zinatetemeka au zinafifia.

“Dada, ile ya kona inanishinda,” akasema. “Herufi zina ukungu. Wanafunzi wakiketi pale wanatoka na kichwa kinawauma, na wengine sasa hawataki kukaa.”

“Umeipanga vibaya,” nikamwambia.

“Nimeipanga kama zingine zote.”

Nikamaliza redio niliyokuwa nayo mkononi, nikafunga kibanda, tukaenda. Tulipofika ilikuwa karibu na Swala ya Ijumaa. Hamadi akanifungulia chumba cha mbele, akaniambia shangazi yake yuko uani, akachukua kofia yake akaondoka. Wanaume wote wa mtaa walikuwa wamekwenda msikitini. Kama umewahi kukaa Makorora unajua mtaa ule ulivyo na kelele, na unajua vilevile unavyonyamaza saa ile. Nilisikia feni tu na mtu akipeta mchele uani.

Nikaketi kwenye kona nikawasha. Kweli, pembeni mwa skrini herufi zilikuwa safi, lakini katikati zilikuwa mbilimbili na hafifu, kama unasoma kupitia chandarua. Ule ukungu ulikuwa na umbo, mwembamba juu, mpana chini. Nitasema kweli, jambo la kwanza nililoliogopa halikuwa la kishirikina. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia kwamba nikianza kuona ukungu niende mbio, huenda ni presha, na presha ndiyo iliyonichukulia mimba ya pili. Nikajipa moyo kwamba wanafunzi wa Hamadi wanauona pia, na wao hawana mimba.

Nikaanza kazi. Nikafungua faili la mipangilio, nikaandika upya kasi ya kuchora, nikapunguza upana, nikazima na kuwasha. Ukungu uko palepale. Nikabonyeza kile kitufe cha kuondoa usumaku, monita ikanguruma ikatulia. Uko palepale. Nikasogeza spika mbali. Hakuna kitu. Nikachukua monita ya meza ya pili, ambayo ilikuwa safi kabisa, nikaileta kwenye kona, na ile ya kona nikaipeleka meza ya pili. Usiniulize nilizibebaje na tumbo lile.

Ile mbovu, ilipofika meza ya pili, ikawa safi. Ile safi, ilipofika kwenye kona, ikapata ukungu.

Hapo fundi yeyote atakwambia kwamba tatizo si monita, ni kompyuta yenyewe. Nikahamisha na kompyuta. Mambo yakawa yaleyale. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye monita, haukuwa kwenye kompyuta, wala haukuwa kwenye Linux ya watu. Ulikuwa pale mahali. Nikaketi tena kwenye kona nikainamisha kichwa upande wa kulia ili nisome pembeni mwa ukungu. Ukungu ukaja kulia. Nikainama kushoto, ukaja kushoto, polepole, kama mtu anayekufuata kukutazama usoni.

Niamini, hata hapo sikukimbia. Ufundi una ubishi wake. Nikajiambia ni waya wa umeme ndani ya ukuta, waya mkubwa huvuta picha ya monita za chogo. Nikaizima monita, nikapiga magoti kwa tabu, nikaingia chini ya meza kutazama soketi.

Nikiwa kule chini nikaitwa.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya taratibu, ya karibu sana, kama mtu aliyekaa kwenye kiti changu. Niliijua ile sauti, ila sikukumbuka ni ya nani. Haikuniita fundi, wala dada. Iliniita Mama Fulani, na huyo fulani ni lile jina nililolificha moyoni.

Na mimi nikaitika, “Abee.”

Unashangaa kwa nini? Basi hukulelewa kwetu. Mtoto wa kike wa Tanga akiitwa haulizi anayeita ni nani. Huitika abee kwanza, maswali baadaye. Mimi nilifunzwa hivyo kwa makofi, na ulimi ukishafunzwa kwa makofi haungoji akili. Neno lilishatoka ndipo nikajiuliza ni nani duniani anayelijua jina lile.

Nikatoka chini ya meza nikishikilia kiti. Chumbani hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kitupu, mlango umefungwa vilevile alivyouacha Hamadi. Nikatazama monita. Imezimwa, na unajua kioo cha monita iliyozimwa kinavyokuwa, cheusi, unajiona ndani yake. Niliona dirisha la nyuma yangu. Niliona mlango na feni. Mimi sikujiona. Mahali nilipotakiwa kuwapo palikuwa na mwanamke ameketi, kanga imemfunika kichwa mpaka mabegani, ameinamia mbele akitazama tumbo langu.

Hapo ndipo nilipoelewa ule ukungu. Herufi hazikuwa na kasoro yoyote. Kuna mtu alikuwa ameketi kati yangu na kioo tangu nilipoingia, na mimi muda wote ule nilikuwa nasoma kupitia yeye.

Nikatazama hewa iliyo mbele yangu. Haikuwa na kitu. Nikatazama kioo. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, unapapasa, taratibu, kama mkunga anavyotafuta kichwa cha mtoto. Nikasikia baridi chini ya kitovu. Na mtoto, aliyekuwa akinipiga mateke tangu asubuhi, akatulia. Yule mwanamke akaanza kuinua uso. Sikusubiri kuuona.

Nilitoka kwa mlango wa uani bila viatu. Bi Mize alikuwa kwenye kigoda na ungo wake, mama mtu mzima, miwani puani. Hata shikamoo nilisahau. Akatazama uso wangu, akashuka na macho mpaka tumboni, na ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika wote.

“Hamadi hakunambia kama fundi ni mwanamke,” akasema. “Wala hakunambia kama una mimba.” Kisha akanishika mikono. “Amekwita?”

“Ameniita.”

“Umeitika?”

Nikalia. Hilo lilikuwa jibu la kutosha.

“Kwa jina la mtoto? Usinitajie. Usimtajie mtu yeyote.”

Akaniambia huku akinipangusa machozi kwa kanga yake. Kwenye kona ile kilikuwapo kitanda cha mke wa kaka yake. Alijifungua, mtoto akafa palepale, mama akafuata siku hiyohiyo, mtoto akazikwa hajapewa jina. Tangu hapo wanawake wenye mimba wakiingia chumbani mle huitwa, na kila mmoja huitwa kwa jina alilomchagulia mwanawe kimoyomoyo. Asiyeitika haguswi.

“Na anayeitika?” nikauliza.

“Jina si lake tena, limeshachukuliwa. Usimpe mwanao jina hilo, mwanangu. Mtafutie jingine.”

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali watu waketi mle. Akasema alidhani mashine na umeme na kelele za vijana zitamfukuza. Nilimkasirikia sana yule mama, nakiri, na mpaka leo hasira zangu kwake hazijaisha.

Nilikwenda moja kwa moja hospitali, mume wangu akanikuta huko. Muuguzi aliweka kile kipaza cha mbao tumboni akasikiliza, akahama upande, akasikiliza tena, na mimi namtazama midomo. Akasema moyo unapiga. Lakini mtoto hakucheza jioni ile, wala usiku. Mama yangu alikaa kitandani kwangu akinisomea sura ya Yasini na kunipaka maji ya kombe, yaliyooshewa aya za Kurani. Alfajiri, adhana inaisha, nikapigwa teke moja. Nililia mpaka wagonjwa wenzangu wakaamka.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya saba mume wangu aliniuliza tumwite nani, nikasema ampe jina la mama yake mzazi, mkwe wangu. Akafurahi, akadhani ni heshima kwa ukweni. Lile jina langu sikulitamka hata kwa kunong’ona. Hamadi aliiacha ile kona tupu, akasogeza meza zote ukuta wa pili, na hakuna skrini iliyopata ukungu tena. Nikaona yamekwisha.

Mtoto akakua, akaanza kusema. Ijumaa moja nilikuwa jikoni nakuna nazi, watu wako msikitini, yeye yuko mkekani na vifuniko vyake vya chupa. Nikamsikia anasema, “Abee.” Nikachungulia. Alikuwa amesimama mbele ya televisheni yetu, imezimwa, pua karibu kugusa kioo.

“Nani kakuita?” nikamuuliza.

“Wewe,” akasema.

“Mimi sijakuita, mama.”

Akanitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha. Akalitaja lile jina. Jina ambalo halijapata kutoka kinywani mwangu, akalitaja kwa ulimi wake wa kitoto, herufi zote zimetimia. “Umeniita hivyo. Kila siku unaniita hivyo, huko ndani.”

Hapo ndipo nilipokumbuka ile sauti ni ya nani, na kwa nini niliijua nisiitambue. Nani anayeijua sauti yake mwenyewe akiisikia kutoka nje?

Binti yangu sasa anasoma. Ni mzima, ana akili, ni mcheshi. Lakini nyumbani kwangu hakuna kioo kinacholala wazi. Televisheni naifunika kanga, na simu nailaza kifudifudi. Kazi ya monita niliiacha, nikarudi kwenye redio, redio haina uso. Na kila nikimwita mwanangu, namwita nikiwa mbele yake, anione midomo. Nikimwita kutoka chumba kingine haitiki, nimemfunza mwenyewe, kwa makofi kama nilivyofunzwa mimi kuitika. Jirani zangu wanasema nimemlea mtoto asiye na adabu.

Nawe msichana unayesoma haya, zaidi ukiwa na tumbo: ukiitwa, nyamaza. Wacha wakuite jeuri. Geuka kwanza, umwone anayekuita, hata kama sauti ni ya mama yako.