Kiuno cha Baba

Tulipoingia kidato cha tatu tulitakiwa kupunguza masomo. Wasichana wengi darasani mwetu walichukua sayansi kimu, na Baba alikuwa ameshaamua kwamba nami nitaichukua, kama dada yangu kabla hajaolewa. Mimi nikachagua fizikia. Sikuwa na sababu kubwa. Nilipenda tu vile majibu yake yasivyombembeleza mtu. Na nilikuwa mbishi.

"Fizikia yakufaani wewe?" Baba akaniuliza. Alikuwa karani mstaafu wa bandarini, mtu mpole, ila nyumbani neno lake ndilo lililokuwa la mwisho.

"Sijui bado, Baba. Lakini naitaka."

Mama akatazama pembeni asicheke. Baba akasema haya, soma, lakini ukianguka usije ukanililia.

Nikaanguka. Katika mtihani wa kwanza nilipata alama ambazo hata leo sizitaji, na mwalimu akaniambia nisipopanda kufikia mwisho wa muhula atanihamishia historia. Basi nikajipangia ratiba, nikaibandika kwenye mlango wa kabati. Alfajiri niliweka Kiswahili na jiografia, maana hayo niliweza kuyasoma huku nasinzia. Baada ya Magharibi nilikuwa wa Mama, jikoni. Fizikia nikaipa saa zangu bora, baina ya Alasiri na Magharibi, wadogo zangu wakiwa chuoni wanasoma Kurani na chumba kikiwa na mwanga.

Tatizo lilikuwa chini ya dirisha. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na baraza ya mawe mbele ya mlango, na kila alasiri Baba alikaa hapo na wazee wenzake. Walipiga dhumna kwa kishindo, wakabishana siasa na mpira, na muuza kahawa akaja kugonganisha vikombe vyake. Nami niko juu, nahangaika na kanuni za mwendo. Siku moja nilimwita Baba ndani, nikamwomba awaambie wapunguze sauti. Alinitazama kama niliyemwambia avue kanzu njiani.

"Watu wamekuja kuketi kwangu, mwanangu. Niwambieje? Uso nitauweka wapi?"

Nikapanda ngazi nimenuna, nikabamiza mlango.

Kesho yake nilimsikia pale chini akiwaambia wenzake, "Jiwe hili lina baridi, kiuno chaniuma. Twendeni kwa jirani kule konani." Ilikuwa miezi ya joto, na jua lilikuwa limelichoma jiwe lile tangu asubuhi. Hakuna mzee aliyeuliza neno. Walikusanya dhumna zao wakaondoka, nami nikamwonea Baba huruma kidogo, nikafungua kitabu.

Muhula ulipokwisha nikabaki na fizikia. Kiuno nacho hakikupona. Kidato cha tatu kikapita, cha nne kikaingia, na Baba, aliyezoea kukaribisha watu, akawa mgeni kwenye baraza ya mwenzake. Kila alasiri alitoka na mto wake kwapani. Nilipomwambia Mama tumtafutie dawa ya kuchua, alinijibu bila kuacha kukuna nazi, "Mwate babako na kiuno chake."

Siku ya karatasi ya mwisho nilirudi alasiri nikamkuta Baba mbele ya mlango wetu, ameketi juu ya jiwe bila mto, wazee wote wamemzunguka. Nikawaamkia, kisha nikamuuliza, "Kiuno je, Baba?"

Hakuinua macho kwenye dhumna zake. "Mtihani umekwisha?"

"Umekwisha."

"Basi na kiuno kimepoa."

Wazee wakatazamana, wakacheka chini kwa chini. Kumbe walijua wote, tangu siku ile ya kwanza. Nilisimama pale na mkoba wangu, nikawatazama. Sijawahi kumpenda Baba kama nilivyompenda alasiri ile.

Nikapanda chumbani, nikalifungua dirisha lote, nikakaa kuwasikiliza wakipiga kelele mpaka Magharibi.