Jeti Mdomoni mwa Kaka

Tuanze na mkono. Mkono wa kulia wa Koleo una vidole viwili vilivyokufa, cha kati na cha pete. Havikunjiki, havisikii moto, havisikii chochote. Ukiuliza kwao utaambiwa boneti ilidondoka. Boneti haikudondoka. Koleo alikuwa na miaka kumi na tatu, ameinama kwenye injini, baba yake anamfundisha kuseti vali. Baba akageuka kuchukua kitambaa. Kaka mkubwa wa Koleo, aliyefundishwa kazi hiyohiyo akashindwa, akaishusha boneti kwa mikono miwili.

Baba alimchapa yule kijana mpaka mkanda ukakatika. Haikusaidia kitu. Vidonda vilipokauka, Koleo akarudi kwenye injini akaanza upya kwa mkono wa kushoto.

Na kuseti vali ni kazi ya vidole, msidanganyane. Unaingiza kibati chembamba, kinaitwa fila, kati ya vali na chuma kinachoisukuma, halafu unakivuta. Kikitoka bure, nafasi imezidi. Kikigoma, imebana. Kinatakiwa kitoke kwa kusitasita, kama mtoto anayeachia titi huku usingizi umemchukua. Tena injini iwe ya baridi. Ikiwa ya moto chuma kimevimba, inakudanganya.

Leo ana miaka thelathini na sita na gereji ya mabati nyuma ya kiwanda cha matofali. Jina la Koleo alipewa na mafundi wenzake, maana akishika haachii.

Baba alipokufa aliacha gari moja, kuukuu kuliko watoto wake wote, limekaa juu ya mawe uani miaka minane. Kaka alitaka liuzwe chuma chakavu. Koleo alilitaka lilivyo. Wakatukanana mpaka matanga yakaisha, ndipo baba yao mdogo akaamua: Jumamosi saa sita mchana lori la chuma chakavu linakuja. Gari likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe kabla ya hapo, ni la Koleo. Lisipotoka, linakatwa. Siku tano.

Tatu ziliishia kwenye kabureta. Petroli ya miaka minane ilikuwa imeganda humo inanuka kama vanishi. Akaifungua yote, akailoweka, akaisugua kwa mswaki, akakata gasketi mpya, akazamisha floti, boya lake dogo, kwenye maji ya moto kuona kama inatoa mapovu. Siku ya nne ikawa ya magurudumu na breki. Jumamosi asubuhi kabureta ilikuwa imeshafungwa mahali pake na vali saba kati ya nane zimesetiwa. Ila jeti ilikuwa imeziba tena. Jeti ni kipande cha shaba ya njano, kidogo kuliko punje ya mahindi, kina tundu la kupitisha unywele. Petroli yote inapita hapo. Bila jeti una mzigo wa bati tu. Akaichomoa kwa chini, akaipuliza, akaiweka kwenye trei ashughulikie vali ya nane.

Saa tano na nusu kaka akaingia uani, mkononi ana hendeli ya kuwashia gari, chuma kizito chenye kona. Hakusalimia. Akaokota jeti, akaiangalia juani, akaitupia mdomoni.

"Haya fundi," akasema, anaisukumia shavuni kwa ulimi. "Washa."

Koleo akamwambia aiteme. Akajibiwa kwamba kuna mifupa mikubwa kuliko hiyo imeshapita kooni humo. Aliposogea, hendeli ikamkuta mbavuni. Kitu kililia kama kijiti kikavu. Pigo la pili likatua begani. La tatu likamkosa likaingia kwenye taa ya mbele, kioo kikamwagika, na ile kona ya hendeli ikanasa kwenye ukingo wa taa.

Hapo ndipo kaka alipokwisha. Koleo alimkamata nywele akamgongesha mdomo kwenye bampa, mara ya kwanza, mara ya pili, akamwangusha, akamkalia kifuani. Baba mdogo alikuwepo, kwenye kiti cha plastiki, anatazama saa. Alisema "jamani, jamani." Huo ndio mchango wake.

Kaka alifunga meno asifungue. Koleo akambana pua kwa mkono wa kushoto, kama unavyompa mtoto dawa. Mtu akikosa hewa lazima afungue mdomo, awe na cheo gani. Akafungua, na Koleo akaingiza vidole viwili vya kulia. Vilevile vilivyokufa. Kaka akang'ata. Aling'ata mpaka damu ikamtoka pembeni mwa midomo, akimwangalia Koleo, dada yake, machoni, akisubiri alie.

"Ng'ata," Koleo akamwambia. "Hivyo ni vyako tangu zamani."

Akavizungusha humo ndani bila haraka, kidole gumba kikapokea nje. Ikatoka jeti. Likatoka na jino.

Jino akaliacha kwenye trei. Jeti akaiosha kwa petroli, akaipuliza, akaiangalia tundu, akaifunga. Akarudisha kifuniko cha vali, akang'oa hendeli kwenye taa. Betri haikuwepo, ilikuwa sumaku ya kutoa cheche na mkono wa kuzungusha tu. Mzungusho wa kwanza alitapika kwa maumivu ya ubavu. Wa pili injini ikakohoa. Wa tatu ikakubali. Vali saba zinaongea kwa adabu, ya nane inagonga kama mwenye nyumba.

Dakika saba kabla ya saa sita baba mdogo akafungua geti, kwa mikono yake. Gari likatoka likiyumba, likapishana na lori lililokuwa linaingia, likavuka barabara, likazimwa chini ya ukuta wa kiwanda. Kaka alisimama getini, fulana imeziba mdomo.

Baba mdogo akamfuata Koleo mbio, akamwambia mbavu hizo ni za hospitali, twende sasa hivi. Koleo alikuwa ameshafungua boneti, amekaa kwenye bampa, mkono umefungwa kitambaa chenye grisi.

"Imebaki vali moja, baba mdogo. Na haisetiwi ya moto. Kaa tusubiri ipoe."