Baridi Iliyoingia Mishipani

Mguu wangu wa kulia ulianza kunigomea nikiwa kazini. Mimi ni fundi wa nguo hapa Garsen, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Siku hiyo nilikuwa nashona sare za shule. Nikakanyaga, sindano haikushuka. Kutazama chini, mguu umelala kando ya pedeli, na wala sikuwa nimehisi ukiteleza. Nikaucheka. Wiki chache baadaye jicho la kushoto likaingia ukungu, na kucheka kukaisha.

Daktari wa Mombasa alinipiga picha za kichwa na uti wa mgongo, akaniambia nina ugonjwa uitwao MS. Akaeleza taratibu kwamba kinga ya mwili wangu imenigeuka, inaguguna ganda la mishipa ya fahamu kama panya anavyoguguna plastiki ya waya wa stima. Nikamuuliza imetokana na nini. Akasema sababu yake hasa bado haijajulikana. Nilimchukia papo hapo. Mtu amesoma miaka yote hiyo, halafu ananitazama usoni na kuniambia hajui! Alinitundikia dawa ya mshipani, jicho likarudi, mguu ukarudi nusunusu. Siku ya kuniruhusu akanionya niepuke joto, maana mwili ukipata joto dalili huamka upya. Nikamwambia mimi natoka Garsen, kwenye jua la kukaanga. Akacheka. Mimi sikucheka.

Huku nyumbani wajuaji hawakukosekana. Kaka yangu anakaa Hola, na simu yake inamlisha video kutwa kucha. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Sista, hiyo jino uliziba ndio inakumaliza. Iko na zebaki ndani. Toa hiyo kitu!" Ninalo jino moja tu lililozibwa, na tangu siku hiyo ulimi wangu haukutulia, kazi kulipapasa. Mara akabadilisha, ni maziwa ya ng'ombe. Mara tena ni mishipa ya shingo imebana, damu hairudi vizuri kutoka kichwani. Nilimfokea achague moja. Lakini nikishakata simu nilikuwa najishika shingo, najaribu kusikia damu ikipita.

Mama wa Kiorma anayeniletea maziwa aliudhika nilipoyakataa. "Maziwa hapana leta ugonjwa," alisema, mkono kiunoni. "Sisi nakunywa toka mtoto, wote natembea mpaka mbali. Nyinyi watu ya mto nakula wali na samaki tu, ndio mishipa nakauka." Nikanunua, nikanywa palepale mbele yake. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kuamka siku moja nikiwa sioni wala sitembei, mtu wa kubebwa kupelekwa chooni. Yeyote aliyekuja na jibu alinikuta nimeshafungua mlango.

Kisha akaja mama yangu kutoka Golbanti, na mfuko mkubwa wa majani ya mwarobaini. Hata maji hakunywa kwanza. Alinikalisha mkekani, akanibonyeza nyayo moja moja.

"Hii ni baridi," alisema. "Wakati wa mafuriko ulisimama ndani ya maji kutwa nzima tukivuna ule mpunga usizame. Maji yalikufika hapa." Akagusa kiuno changu. "Baridi iliingia miguuni, ikakaa. Sasa imepanda mpaka machoni. Baridi hiyo haitolewi na sindano, mwanangu. Inatolewa na moto."

Nikamwambia daktari amenikataza joto.

"Daktari si ndiye alikwambia hajui?"

Hapo akanibwaga. Na tena mafuriko yale nayakumbuka, meno yalinigongana mpaka jioni. Kwetu kufukizwa si jambo la kujadili; nilifukizwa kwa mafua, nikafukizwa kwa homa, nikafukizwa nilipojifungua, na kila mara niliinuka mzima. Isitoshe, baridi ya Mama ilikuwa na pa kutokea. MS ya daktari haikuwa na chochote.

Asubuhi yake akachemsha sufuria kubwa jikoni, akaiweka kati ya miguu yangu, akanifunika blanketi zito gubigubi. Mwanzoni ilikuwa raha. Jasho likanitiririka, harufu chungu ya majani ikanijaa puani. Mama alikuwa nje ya blanketi akisali kwa sauti ya chini.

Kisha miguu ikaondoka. Sina namna nyingine ya kusema. Nilikuwa nayo, halafu kuanzia kiunoni sikuwa na kitu. Nikafumbua macho kuitazama, nikaona kijivu. Nikadhani ni mvuke. Nikalivua blanketi, jua la mlangoni likanipiga usoni, nikalisikia kwenye ngozi lakini kijivu hakikuondoka. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kinywani mwangu.

Mama alinishika kabla sijaangukia sufuria. Akaniburuta hadi kwenye sakafu ya saruji karibu na mtungi, akanimwagia maji kichwani, akanipepea kwa leso huku akilia na kumwita Mungu. Nikalala pale natetemeka, nikijiambia basi, ndiyo hii, imefika. Baada ya muda mrefu kidole gumba cha mguu kikachomachoma. Kijivu kikaanza kupasuka upande wa kulia. Nikaona leso, halafu mkono, halafu uso wake uliolowa.

"Unaniona?" akauliza.

"Nakuona, Mama." Sikutaka aendelee kulia.

Akakaa chini kwa kishindo, akashusha pumzi, kisha uso ukamchanua. "Umeona? Baridi hiyo ilikuwa inatoka! Ilikuwa inapigana nasi. Kesho tunafukiza tena, tunaimaliza kabisa."

Nilipata hofu kubwa kuliko ile ya chini ya blanketi. Yule ni mama yangu, ananipenda, na hakuna mtu wa kumzuia. Niliuchukua mkono wake, nikauweka juu ya jicho langu la kulia, ukalifunika lote, la kushoto likabaki wazi.

"Sasa sikuoni," nikamwambia.

Mkono wake ulibaki pale. Alipouondoa, aliinuka akamwaga sufuria nzima nje, majani na yote, akarudi kuketi nami kwenye maji.

"Sasa tufanye nini?" akaniuliza, kana kwamba mkubwa ni mimi.

Nikamwambia sijui.